Mti wa miaka kumi kwenye ardhi ya kuazima

Anayesafiri kutoka Mbarara kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mwendo wa kilomita zipatazo 60, husindikizwa na mikaratusi sehemu kubwa ya njia. Imepandwa mabondeni, imepandwa vilimani, imepandwa pembezoni mwa migomba ya matoke iliyoipa Wilaya ya Isingiro sifa yake. Ni mti wa Australia, ulioletwa Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, na haukuenea kwa bahati nasibu. Baada ya miaka michache mwenye shamba anauza fito, akivuta subira anauza nguzo, na kisiki kinachipua tena bila gharama ya miche mipya. Anayetaka mkulima apande mti wa asili mahali pake lazima kwanza aijibu hesabu hiyo.

Ndani ya Nakivale hesabu inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu anayepanda si mwenye ardhi.

Hata hivyo, miti ya asili inapandwa. Inaoteshwa katika vitalu vya vikundi, inachomekwa kwenye nyua za nyumba za udongo, na mboga za kienyeji zinavunwa nyuma ya majiko. Wanaofanya hivyo ni watu wale wale ambao kwa miaka mingi wametajwa kama wakata miti.

Makazi yaliyomaliza kivuli chake

Nakivale ilianza mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 185, lenye kanda tatu za Base Camp, Juru na Rubondo, na linahifadhi watu zaidi ya 180,000. Wengi wao ni Wakongo. Wapo pia Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni.

Watu wote hao hupika kila siku, na wengi hupikia kuni kwenye mafiga matatu. Migunga iliyokuwa imetanda kwenye vilima vya ukanda huu wa wafugaji ilianza kwenda kama kuni, ikafuata kama makaa, kisha kama nguzo za nyumba. Kila wimbi jipya la wakimbizi lilipofika, mduara wa vilima vitupu ulipanuka. Isingiro haikuwa peke yake katika hasara hiyo: kwa takwimu za serikali, misitu ya Uganda ilipungua kutoka asilimia 24 ya nchi kavu mwaka 1990 hadi takriban asilimia 9 mwaka 2015, na sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokana na mashamba, mbao na makaa yanayouzwa mijini.

Jitihada za kurudisha miti zina wahusika wa aina mbili. Kuna taasisi, kama Chuo cha Maendeleo ya Jamii cha Nsamizi, ambacho kimekuwa mshirika wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, katika kazi za mazingira na riziki. Halafu kuna wakimbizi wenyewe. Chama cha Nakivale Green Environment Association kiliasisiwa na mkimbizi kutoka Burundi pamoja na wenzake, walioamua kwamba vilima walivyovikuta na miti visiachwe vitupu. Chama hicho kimepanda miti kwa mamia ya maelfu.

Idadi kubwa namna hiyo huvutia macho, lakini swali la pili ndilo linalowagawa wapandaji: miti gani? Mradi unaotafuta kuni za haraka utachagua mkaratusi, msonobari au mgrivea. Mradi unaotaka kurudisha ndege, nyuki, dawa na unyevu wa udongo hauna budi kutafuta mbegu za miti iliyokuwepo, na mbegu hizo haziuzwi katika kila duka la pembejeo.

Mmea mmoja, majirani wengi

Hapa ndipo wakimbizi wana mtaji ambao haumo katika orodha ya misaada. Wanyarwanda, Warundi na wengi wa Wakongo wa Kivu wametoka katika nyanda za juu zenye mimea inayofanana sana na ya Ankole, eneo ilipo Nakivale. Mtu aliyevuka mpaka bila mzigo mwingine alikuta vichaka anavyovijua.

Mfano wa karibu ni mubirizi, kichaka chenye majani machungu ambacho wanasayansi hukiita Vernonia amygdalina. Waganda, yaani watu wa Buganda, hukiita mululuza. Kwa Wanyankole ni omubirizi, kwa Wanyarwanda na Warundi ni umubirizi. Kinapandwa kwa kipande cha shina kilichochomekwa ardhini mvua zinapoanza, kinashika haraka, na mbuzi hawakikimbilii kama wanavyokimbilia miche mingine. Kwa hiyo kinafaa kuwa ua. Majani yake huchemshwa kwa ajili ya homa na maumivu ya tumbo, na wafugaji huyatumia kwa minyoo ya mifugo.

Binadamu si peke yao walioijua kazi ya mmea huo. Mwaka 1987, katika Milima ya Mahale upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman alikuwa na Mohamedi Seifu Kalunde, mwenyeji wa jamii ya Watongwe aliyejua dawa za porini. Walimwona sokwe jike mgonjwa, aliyepewa jina la Chausiku, akimenya tawi la mmea huo na kutafuna kiini chake kichungu, chakula ambacho sokwe hawakili kwa kawaida. Baada ya takriban siku moja Chausiku akaonekana amepata nguvu. Tukio hilo likawa moja ya misingi ya utafiti wa jinsi wanyama wanavyojitibu, na lilieleweka kwa sababu Kalunde alikuwepo kusema mmea ule ni dawa kwao pia.

Mti mwingine unaovuka mipaka ni ule ambao Waswahili huuita mwambangoma, Waganda jirikiti na Wanyarwanda umuko. Maua yake ni mekundu kama kaa la moto, na huchanua mara nyingi mti ukiwa hauna majani. Katika masimulizi ya Rwanda, Ryangombe, shujaa wa ibada ya kubandwa, alikufa kwa pembe za nyati chini ya mti huu. Mzee wa Kinyarwanda anayeuheshimu kwa sababu hiyo na mfugaji wa Kinyankole anayeutaka kwa uzio wake hawana haja ya semina ili wakubaliane kuupanda. Kijiti kinene cha urefu wa mtu kikichomekwa kwenye udongo wenye unyevu huwa mti.

Mutuba nao huoteshwa hivyo hivyo. Kwa Waganda ndio mti wa lubugo, nguo ya gamba ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa urithi wa binadamu. Ndugu yake, umuvumu, ni mti wa mahame ya kifalme nchini Rwanda. Mashambani kahawa hupenda kivuli cha mutuba, majani yake huoza na kurutubisha udongo, na ng'ombe huyala wakati wa kiangazi.

Kazi ya kitaluni

Musambya hauna njia ya mkato ya kijiti. Ni mti wa asili wenye maua ya njano yenye umbo la tarumbeta, na mbao zake ni imara kwa milango, nguzo na mipini. Matunda yake ni maganda membamba marefu yanayoning'inia kama kamba. Yakikauka mtini hupasuka, na mbegu zake nyepesi zenye mabawa hupeperushwa na upepo. Mkusanyaji mbegu ana siku chache tu kati ya ganda kukomaa na ganda kupasuka. Akichuma mapema, mbegu ni changa. Akichelewa, anaokota maganda matupu.

Maganda huanikwa juu ya turubai hadi yafunguke. Mbegu husiwa zikiwa bado mbichi, kwenye tuta lenye mchanga laini, na kufunikwa kwa tabaka jembamba la udongo, maana mbegu nyepesi hivyo ikizikwa chini haiibuki. Juu ya tuta hujengwa kichanja kifupi cha nyasi ili jua lisiziunguze mbegu. Baada ya wiki mbili au tatu machipukizi huonekana. Yakiwa na majani mawili ya kweli huhamishiwa kwenye viriba vilivyojazwa udongo mweusi, mchanga na samadi iliyooza. Kila kiriba husogezwa mara kwa mara ili mizizi isipenye kwenda ardhini, na kivuli hupunguzwa kidogo kidogo wiki za mwisho ili mche uzoee jua kabla ya kupelekwa mlimani.

Mbegu za mwambangoma, nyekundu zenye doa jeusi, zina ganda gumu linalohitaji kukwaruzwa au kulowekwa, lakini zinavumilia kuhifadhiwa. Za Prunus africana, mti ambao Wanyankole na Wakiga huuita omumba, ni kinyume chake: hazivumilii kukaa, na zikichelewa kusiwa huota kwa shida. Mti huo ndio unaohitaji haraka zaidi. Gamba lake hutengenezewa dawa za tezi dume zinazouzwa Ulaya, na kwa sababu ya kuchunwa kupita kiasi biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti chini ya mkataba wa CITES tangu mwaka 1995.

Mche ukishatoka kitaluni hukutana na mambo matatu: mchwa, mbuzi na kiangazi cha Juni hadi Agosti. Katika ukanda huu mkavu wa Isingiro, uliopigwa na ukame mkali mwaka 2016 na 2017, kupanda ni sehemu ndogo ya kazi. Kazi kubwa ni kumwagilia, kuweka matandazo na kuzungushia miiba. Miti iliyopandwa karibu na nyumba hupata maji yaliyooshea vyombo na jicho la mtu wa kumfukuza mbuzi. Iliyopandwa kilimani siku ya sherehe hubaki na Mungu.

Mbegu za mboga

Kwa familia nyingi mlango wa kuingilia katika mimea ya asili ni mboga. Mgagani, ambao Wanyarwanda huuita isogi, pamoja na mnavu na mchicha, ambao Wakongo na Warundi huuita lengalenga, huvunwa wiki chache baada ya kupandwa. Huhitaji eneo dogo, hata gunia lililojazwa udongo. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipoanza kugawa wakimbizi walioko Uganda katika makundi ya uhitaji na kuwapunguzia au kuwaondolea wengine posho, thamani ya bustani ya nyuma ya jiko ilipanda bila kutangazwa.

Mboga hizi zina siri yake. Mbegu ya mgagani iliyovunwa leo haioti vizuri kesho. Hutaka kupumzishwa miezi kadhaa. Anayeisia mara moja hudhani mbegu ni mbovu na kuitupa. Mwanamke aliyelelewa na mgagani huchagua mashina bora, huyaacha yachanue, huvuna maganda yakianza kugeuka njano kabla hayajapasuka, na kuweka mbegu hadi msimu wa pili. Maarifa hayo hayamo kwenye pakiti ya mbegu ya dukani.

Mfano wa kuyafanya maarifa ya namna hiyo kuwa mali ya jamii nzima upo upande wa pili wa Mbarara. Huko Kiziba, Wilaya ya Sheema, wakulima walianzisha benki ya mbegu ya jamii mwaka 2010, wakishirikiana na watafiti wa serikali na wa kimataifa. Mkulima hukopa maharage ya kienyeji, hupanda, na baada ya mavuno hurudisha mbegu zaidi ya alizochukua. Kwa njia hiyo aina za maharage zilizokuwa zimebaki kwenye kibuyu cha bibi mmoja zikaenea kwenye mashamba mengi. Kinachotakiwa ili kuanzisha benki kama hiyo ni chumba kikavu, vyombo vya kufunika, daftari na watu wanaoaminiana.

Mji wa juu, ziwa la chini

Nakivale na Mbarara zinaunganishwa na maji. Mto Rwizi huanzia kwenye vilima vya Buhweju, hupita katikati ya Mbarara, kisha hulisha mfumo wa maziwa na vinamasi wa Mburo na Nakivale. Mfumo huo, wenye zaidi ya hekta 26,000, uliandikishwa mwaka 2006 kuwa ardhioevu ya umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Mafunjo yake huchuja tope, na maji yake yamekuwa kimbilio la samaki waliotoweka katika maziwa makubwa. Mji ukichimba mchanga, ukifyatua matofali na kulima hadi ukingoni, tope linateremka hadi kwa mvuvi wa Base Camp.

Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinautaja Rwizi kati ya mito inayostahili ukanda wa hifadhi wa mita 100 kila upande. Utekelezaji umekuwa wa kuvutana. Mbarara, iliyopata hadhi ya jiji Julai 2020, hunywa maji ya mto huo huo, na wakazi wake wamelima kwenye kingo hizo kwa vizazi.

Rwanda imeonyesha jinsi mji unavyoweza kugeuza kinamasi kilichoharibiwa. Bustani ya Nyandungu mjini Kigali, yenye hekta zipatazo 120, ilifunguliwa mwaka 2022 baada ya kuondoa shughuli zilizokivamia kinamasi na kupanda mimea ya asili. Watu hulipa kiingilio kutembea humo.

Mbarara ina chombo kingine ambacho Kigali ingekitamani. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, kina kituo cha utafiti wa dawa za asili, PHARMBIOTRAC, na kinasimamia taasisi ya uhifadhi wa misitu huko Ruhija, kando ya msitu wa Bwindi. Juni 2021, wimbi la UVIKO-19 lilipokuwa limepamba moto, Mamlaka ya Dawa ya Uganda iliidhinisha Covidex, dawa ya mitishamba iliyobuniwa na Profesa Patrick Ogwang wa chuo hicho, itumike kusaidia matibabu bila kuitangaza kuwa tiba ya ugonjwa. Machapisho ya kisayansi yameitaja Warburgia ugandensis miongoni mwa mimea yake. Ni mti wa asili wenye gamba linalowasha kama pilipili.

Soko la namna hiyo lina pande mbili. Mti unaochunwa gamba kuuzunguka hufa, na anayechuna porini hana sababu ya kumwachia mwenzake. Afrika Kusini, ambako Warburgia salutaris ilikaribia kumalizwa, watafiti walionyesha kwamba majani yanaweza kutumika badala ya gamba, na mamlaka ya hifadhi za taifa ikagawa miche kwa jamii zinazoishi kando ya hifadhi. Mganga mwenye mti wake nyumbani huchuma majani, na mti unaendelea kuishi.

Nani mwenye mti?

Hilo ndilo swali linalorudi kila kikao. Chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na kanuni zake za 2010, mkimbizi aliyeko Uganda hupewa kipande cha ardhi akitumie, lakini haruhusiwi kukiuza wala kukikodisha. Wenyeji nao wana malalamiko yao. Mipaka ya Nakivale imekuwa na migogoro ya miaka mingi, na mkulima wa Kinyankole akiona mkimbizi anapanda miti kwenye eneo linalobishaniwa anaweza kudhani anaweka alama ya umiliki. Sehemu nyingi za Maziwa Makuu mti na kichaka cha msale ni alama za mipaka tangu kale, kwa hiyo hofu hiyo ina msingi.

Ndiyo maana mboga na mubirizi huenea haraka kuliko musambya. Mmea wa wiki nne hauulizi nani atakuwa hapa mwaka kesho. Mti wa mbao unauliza. Vikundi vinavyochanganya wakimbizi na wenyeji, vyenye makubaliano yaliyoandikwa kuhusu nani atavuna fito, nani atachukua mbegu na nani atamwagilia, vina nafasi nzuri zaidi ya kuona mti unakomaa. Ardhi ya shule, kanisa, msikiti na zahanati ni salama kuliko kipande cha mtu binafsi, kwa sababu taasisi hubaki hata mkimbizi akihamishiwa nchi ya tatu.

Kuna pia tatizo la kalenda. Miradi mingi ya misaada huendeshwa kwa bajeti ya mwaka mmoja mmoja, na oda ya miche hufika mvua zikikaribia. Mkaratusi unaweza kukimbizana na oda hiyo. Musambya hauwezi: ili miche iwe tayari kwa mvua za Septemba, mbegu zinapaswa kuwa tutani kufikia Aprili. Kikundi kinachosia kabla ya kumpata mnunuzi kinacheza kamari na jasho lake.

Mnunuzi wa karibu zaidi yupo kilomita 60 tu, kwenye kingo za Rwizi. Ukanda wa mita 100 kila upande ni hekta 20 kwa kila kilomita ya mto. Kwa nafasi ya mita 4 kwa 4, kilomita moja inameza miche 12,500, mbali na mafunjo ya sehemu zenye maji. Jiji likiweka oda hiyo Januari, vitalu vya Nakivale vina muda wa kukusanya mbegu, kusia na kujaza viriba kabla mvua za Septemba hazijafika.